Mahari ya Breki za Nyuma

Siku yangu ya kwanza gerejini, Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinipa brashi ya waya, akanionyesha upande wa nyuma wa gari moja lililokwisha vuliwa gurudumu, akaniambia nisugue kutu mpaka nione chuma. Nikasugua. Nilisugua tangu asubuhi mpaka ikaadhiniwa adhuhuri, na chuma sikukiona. Kwanza ulitoka unga mwekundu, kisha yakatoka maganda, kisha likatoka tundu. Nikatia kidole tunduni, kikatokea upande wa pili. Fundi Mkuu akaja, akakitazama kidole changu, akatema tambuu yake pembeni.

"Umefika," akasema. "Hapo ndipo chuma kilipokuwa."

Gereji yenyewe ilikuwa Malindi mjini, nami natoka Shella, mtaa wa hapo hapo Malindi, kwa hivyo nilikwenda kwa miguu, nimevaa shati jeupe alilonipigia pasi mama. Nyinyi vijana mtacheka. Nani alinidanganya kwamba ufundi wa magari ni kazi ya shati jeupe, sijui mpaka leo. Jioni nilirudi nyumbani mwekundu kuanzia kichwani hadi kiunoni, mama akapiga ukelele akidhani nimegongwa.

Kile nilichokuwa nikikisugua ndicho nilichokuja kukihangaikia maisha yangu yote, basi nikieleze kabla sijaendelea. Gari la kizamani lina dramu katika magurudumu ya nyuma, yaani bakuli la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Ndani ya bakuli hilo mna viatu viwili vya breki. Dereva akikanyaga, viatu hutanuka vikalibana bakuli kwa ndani, gari likasimama. Sasa viatu hivyo vimeshikwa na nini? Vimeshikwa na sahani. Mafundi twaiita bakpleti, nayo ni sahani ya bati nene iliyofungwa nyuma ya dramu. Haizunguki, haionekani, na sijapata kumsikia mwenye gari akiisifu. Pini za viatu zimepita humo, silinda ndogo ya mafuta imefungwa hapo, na waya wa hendibreki huingia kwa tundu lake. Sahani ikiliwa na kutu, pini hukosa pa kushika, viatu hulala upande, na gari husimama likitaka, si wewe ukitaka.

Na jambo jingine, mlishike: sahani ya kushoto si ya kulia. Ni kama makubadhi. Ukiitazama kwa mbali ni ile ile, lakini matundu yake yamekaa kinyume, na ukilazimisha utajuta.

Bara, gari hufa kwa uzee. Kwetu pwani hufa kwa chumvi, na chumvi huanzia kwenye sahani hizo kwa sababu hakuna anayeziangalia. Bandu bandu humaliza gogo. Fundi Mkuu alikuwa na sheria moja tu kuhusu sahani iliyotoboka, nayo aliirudia kila alipotia tambuu mdomoni: sahani haitengenezwi, hutafutwa nyingine nzima. Kuziba kiraka aliruhusu kwa shingo upande, kwa mtu asiye na budi, na akimwambia waziwazi kwamba kiraka ni kiraka. Kuunda mpya kwa mkono alikataa katakata. Breki ni roho ya mtu, alisema, na roho haifanyiwi majaribio. Nami nilikuwa kijana mtiifu, nikaishika sheria hiyo kama aya.

Mteja wetu mkubwa wa kutu alikuwa Mzee Shebwana wa Mambrui. Alikuwa na stesheni wagoni kuukuu ambayo kila asubuhi aliileta Malindi imejaa samaki na barafu. Barafu ikiyeyuka, maji ya chumvi na damu ya samaki yalipenya sakafuni yakadondokea magurudumu ya nyuma, njia nzima kutoka Mambrui mpaka daraja la Sabaki, mpaka sokoni. Ungetaka kuziozesha breki kwa makusudi usingepata njia bora. Lakini Mzee Shebwana hakukubali kwamba gari lake lina kasoro. Fundi Mkuu alipomwambia kwamba halina breki za nyuma, na za mbele pekee hazitoshi kwa mzigo ule, alikasirika kwa heshima, kama wakasirikavyo wazee wa kule.

"Breki linazo," akasema. "Halipendi kuzitumia."

Aliyezijua breki zile kuliko mtu yeyote alikuwa binti yake, Mwanaisha. Kazi yake ilikuwa kukaa kiti cha mbele na jiwe la matumbawe mapajani. Baba alipokaribia soko alipunguza mwendo, Mwanaisha akafungua mlango, akaruka na buibui lake, akakimbia nyuma ya gari na kulitia jiwe chini ya gurudumu. Alifanya hivyo kila siku, na hata siku moja hakuanguka. Wachuuzi walikuwa wakisimamisha biashara wamtazame. Mimi nilisimamisha kazi, na Fundi Mkuu akaniona, akaniambia kwamba gari lile halitanifaa chochote, labda kama nataka kuoa.

Nilitaka. Nikapeleka posa.

Majibu yalirudi na kina shangazi zangu, nao walikuwa wamejifunika nyuso kwa aibu. Posa ilikuwa imekubaliwa. Lakini mahari, kama mjuavyo, ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Yeye ndiye hutaja, na akishataja hakuna wa kumpunguzia. Wengine hutaja dhahabu, wengine msahafu, wengine kitanda. Mwanaisha alitaja sahani mbili za breki za nyuma, nzima, zisizo na kiraka, zifungwe kwenye gari la baba yake.

Mama alilia. Shangazi mkubwa akasema mji mzima utatucheka, na akatumwa tena Mambrui ambembeleze msichana achague japo bangili. Alirudi na maneno haya tu, na mimi nimeyakumbuka kama alivyoyaleta: "Nikiolewa niende zangu Shella, baba atabaki na nani wa kuruka na jiwe?"

Baada ya hapo hakuna aliyembembeleza tena. Mimi nilizidi kumpenda, na nikazidi kuogopa, kwa sababu nilijua jambo ambalo shangazi hakulijua. Gari la aina ile lilikuwa nadra hata wakati huo. Yaliyokuwepo Malindi yote yalikuwa yamekula chumvi ile ile, na sahani zao nilikuwa nimezisugua kwa mkono wangu mpaka kidole kikapita. Nisipozipata, hakuna ndoa. Mwanaisha hakuwa mtu wa kusema neno akaligeuza.

Nilitafuta mpaka nikasikia kwamba huko Marafa, mbali na bahari, kuna gari kama lile lililokufa zamani kwenye shamba la Mzee Karisa. Marafa ni kukavu, chuma hukaa. Nikaenda. Mzee Karisa, Mgiriama mpole, akanipokea vizuri, akanipa maji na kunionyesha mabaki. Nikajilaza chini, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikaona sahani ya kushoto imekaa pale safi kana kwamba imetoka kiwandani jana. Nikazunguka upande wa kulia, nikakuta ekseli tupu.

Nikamuuliza sahani ya upande huu imekwenda wapi. Akanyoosha kidole juu. Kwenye mti palining'inia mzinga wa nyuki, gogo lililochongwa tupu ndani, na mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa sahani yangu. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kwa tundu la hendibreki bila wasiwasi. Nikamweleza mzee kwamba ile ni mahari. Alifikiri sana, akaniambia kwamba yeye hana kinyongo, lakini mlango ule si wake tena, ni wa nyuki, nami nikitaka nizungumze nao. Nikiwa na upumbavu wa mtu anayetaka kuoa, nikapanda. Yaliyonipata juu ya mti sitayasimulia. Nilichokiona kabla ya kuanguka ni kwamba mzee alikuwa ameitoboa sahani ile kwa msumari kila mahali, ili nyuki wapate njia za kutosha, na haikufaa tena kwa breki yoyote. Nilirudi Malindi na sahani moja kwapani na uso uliovimba hata mama hakunijua.

Basi pakawa na mkutano. Sheikh wa Mambrui aliitwa, akaelezwa bakpleti ni nini, akataka aelezwe tena. Alipofahamu akasema sheria haina taabu: mahari yaweza kutolewa nusu sasa na nusu ikabaki deni shingoni mwa mume, mke akiridhia. Mwanaisha akaulizwa ndani. Akaridhia, kwa sharti kwamba upande wa kulia nitie kiraka kwanza baba asije akafa, na kwamba kiraka si malipo.

Siku ya nikaha msikiti ulijaa, na si kwa ajili yangu. Habari zilikuwa zimeenea. Mzee Shebwana, akiwa walii, ilimpasa anishike mkono na kutamka mbele ya watu kwamba ananioza binti yake kwa mahari ya sahani mbili za breki, ya kushoto taslimu na ya kulia deni. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akiapa kwamba gari lake lina breki. Aliyatamka maneno yale akitazama dari. Nilipojibu kwamba nimekubali kumuoa kwa mahari hiyo, nyuma kabisa mtu mmoja alishindwa kujizuia akacheka, kikohozi cha uongo kikaenea safu hadi safu, na Sheikh akaikatiza dua akaishia njiani.

Baba mkwe hakunisamehe upesi. Lakini sahani mpya ya kushoto aliipenda kwa siri, hata akaamua kuilinda na kutu yeye mwenyewe bila kunishauri. Alifanya kama alivyowaona mabaharia wakivifanyia vyombo vyao: aliipaka sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka mpaka mtaa wa pili. Aliipaka ndani na nje. Jua lilipowaka mafuta yakateremka kwenye viatu vya breki, na breki iliyopakwa mafuta haishiki kitu. Asubuhi hiyo alilipita soko, akaupita na msikiti, huku amewainulia watu mkono kama anayewasalimia, na nyuma yake walikimbia paka wote wa Malindi. Gari lilisimama lenyewe mchangani. Nilipofika nilimkuta ameketi ndani na vioo vimefungwa, paka wamekaa juu ya boneti wakimtazama. Nikafukuza paka, nikaisafisha sahani na viatu vyake bila kumcheka, na tangu siku hiyo akawa ananiita mwanangu.

Kazi ya pili niliipata kwenye hoteli moja ya ufuoni, kuangalia magari ya kubebea wageni. Mkubwa wangu alikuwa Meneja Usafiri, mtu wa bara, msafi, mwenye sheria nyingi. Alishangaa kukuta kila dereva ana jiwe lake, na hakuna anayevuta hendibreki. Tukamweleza kwamba hapa ukivuta hendibreki na gari likalala karibu na bahari, viatu hugandamana na dramu kwa kutu, na kuviachanisha ni kilio. Akasema huo ni ushamba. Akaamrisha mawe yote yatupwe na kila gari lilazwe limevutwa breki.

Ikaja sikukuu ya Idi, magari yakapumzika yote yakiwa yametazama bahari, hendibreki juu kama alivyoagiza. Sikukuu ilipokwisha, wageni wakasimama mlangoni na masanduku yao, madereva wakawasha, na hakuna gari lililosogea. Injini zinanguruma, magurudumu ya nyuma yamekaza mchangani. Nilipita na nyundo ya mpira nikigonga dramu moja baada ya nyingine, huku Meneja Usafiri akitembea nyuma yangu kama anayefuata jeneza. Lakini hakuwa mtu mbaya. Wiki ile ile alileta mawe mapya yeye mwenyewe, akayapaka chokaa, akayaandika namba za magari, na ole wake dereva aliyekutwa na jiwe la mwenzake.

Hotelini pia niliendelea kutafuta. Nilifukua rundo la vyuma nyuma ya jikoni, nikaenda kila gari la aina ile lilikosikika, Watamu, Gede, hata Ganze. Meneja Usafiri aliponiuliza nahangaikia nini, nikamwambia natafuta mahari ya mke wangu, akadhani naomba mshahara wa mbele. Niliona za kulia zilizotoboka, za kulia zilizopinda, na moja ya kulia iliyokuwa kikaango cha muuza viazi karai. Nzima sikuiona.

Msidhani ni mchezo. Mahari ni deni, na mume akifa nalo hulipwa kutoka mali yake kabla ya warithi kugusa chochote. Kila Ramadhani Sheikh alipofika kwenye darasa la madeni alikuwa akinitazama mimi. Mwaka mmoja, binti yetu Fatuma akiwa bado mchanga, niliugua homa mbaya, nikajiona nakwenda. Nikamwita Mwanaisha, nikamwambia nisamehe ile sahani, nife mwepesi. Mke aliweza kusamehe kwa neno moja, na sheria ingemkubalia. Alikuwa akinikamulia kitambaa cha maji baridi, akakiweka kwenye paji la uso wangu.

"Sikusamehe," akasema. "Inuka ukaitafute."

Nikainuka. Nilikasirika sana, na nadhani hasira ndiyo iliyoniponya.

Mzee Shebwana alifariki kwa uzee, kitandani mwake, Mungu amrehemu. Gari halikumuua. Ndugu zake Mwanaisha wakataka kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, naye akatoka nje akawaambia wauze wapendavyo, ila wamfungulie kwanza sahani ya kushoto, ambayo ni mahari yake. Wakatazamana. Bila sahani hiyo gari halikuwa na breki, na gari lisilo na breki hata mnunuzi wa chakavu alilikataa, maana hakuna aliyethubutu kulikokota mpaka Malindi. Mwishowe wakamwachia lote. Akajifunza kuendesha, na kwa gari hilo akawa anapeleka mahamri kwenye mikahawa ya mjini. Kwa sababu kushoto kulishika vizuri na kulia kwenye kiraka kulichelewa kushika, kila alipokanyaga breki gari lilivutia kushoto, naye akazoea kuupinda usukani kulia kidogo kulirudisha. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anayejitengeneza mtandio. Mimi nilikuwa nikimwona akiondoka asubuhi, na moyo wangu haukutulia mpaka arudi. Nilikuwa fundi wa breki wa watu wote isipokuwa mke wangu, na jambo hilo liliniuma.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Kilifi, kwenye karakana kubwa yenye mashimo ya saruji na mashine za kunyanyulia. Mkubwa wangu wa mwisho alikuwa Msimamizi wa Karakana, mwanamke kijana niliyeweza kumzaa, ambaye kila asubuhi alinipa shikamoo yangu kabla ya kunipa kazi. Aliniuliza kwa nini kila gari kuukuu likiingia mimi huliinamia upande wa kulia wa nyuma. Nikamsimulia. Hakucheka. Akaniuliza tu aina ya gari, na mimi nikasahau.

Siku ya kustaafu kwangu walinifanyia pilau. Zikasemwa hotuba, kisha Msimamizi akaleta sanduku lililofungwa kwa karatasi ya maua. Alikuwa ameagiza ng'ambo kwa simu yake, na lilichukua muda mrefu kufika. Karakana nzima ilikuwa inajua, wote wamesimama wananitazama. Nikafungua. Ndani mlikuwa na sahani ya breki, nyeusi, inang'aa, haijawahi kuona maji ya bahari. Nikatazama tundu la hendibreki.

Ilikuwa ya kushoto.

Walikuwa wakipiga makofi. Msimamizi alikuwa amefurahi kuliko nilivyoweza kufurahi mimi. Nilisema alhamdulillahi, machozi yakanitoka, wakadhani ni ya furaha na wakazidi kupiga makofi. Sikuwaambia. Niliibeba nyumbani Shella kwenye mapaja. Mwanaisha aliitupia jicho mara moja tu huku anakanda unga, akasema ya kushoto anayo.

Kustaafu, nawaambia vijana, ni kazi ngumu isiyo na mkubwa. Siku za mwanzo nilipanga upya sufuria za Mwanaisha kwa ukubwa, kama spana, naye akanifukuza jikoni. Nikakaa barazani na ile sahani ya kushoto. Niliipindua. Niliitazama kwa nyuma. Kwa nyuma, matundu yake yalikaa kama ya kulia. Na pale barazani nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza tangu siku ile ya shati jeupe: nani amenikataza kuunda yangu? Fundi Mkuu alinikataza. Na Fundi Mkuu alikuwa sahihi kumkataza kijana asiyejua chuma. Lakini kijana yule alikuwa amekwisha kuwa mzee, na mzee hakuwa na wa kumwomba ruhusa. Niliona uchungu kwa miaka yote niliyopanda miti ya watu, kisha nikacheka peke yangu hata jirani akachungulia.

Nikatafuta bati nene la bodi ya lori. Nikachonga gogo la mkwaju kinyume na umbo la ile ya kushoto, ili nipate kulibonyeza bati juu yake. Bati nikalipasha moto mpaka likawa jekundu, nikaligonga taratibu, nikalipoza, nikaligonga tena. Pale viatu vya breki vinapotelezea nikalainisha kwa tupa kama kioo. La kwanza lilipinda, nikalitupa. La pili matundu yalihama. La tatu niliweka juu yake sahani ya kiwandani, mgongo kwa mgongo, nikatazama mwanga kupitia matundu yote, na mwanga ukapita. Nikalijaribu kwa uzito, nikalikaza kwenye jiliwa la kubania vyuma, nikaliminya kwa nguvu zote, halikulegea. Kisha nikatia rangi ya kuzuia kutu, mkono mmoja, na mwingine, na mwingine.

Nikaipeleka kwenye gari kuifunga mwenyewe. Mwanaisha alisimama pembeni na mikono imejaa unga. Aliinama, akapitisha kidole kwenye matundu yote, akaligusa kila tundu kama anayehesabu lulu. Akauliza kama imetoka kiwandani. Nikamwambia imetoka barazani. Nilipokwisha kuifunga akanawa mikono, akachukua ufunguo, akaingia garini kwenda kuijaribu.

Aliliendesha hadi mwisho wa uchochoro, akageuka, akaja mbio kidogo kuelekea kwangu, akakanyaga breki. Na wallahi magurudumu yote mawili yalishika pamoja, sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu nilijue gari lile. Lakini mikono ya Mwanaisha haikuwa na habari. Ikafanya kama ilivyozoea, ikaupinda usukani kulia kulirudisha gari kutoka kushoto ambako halikwenda. Gari likapiga kona safi, likaingia kwenye ua wa makuti wa jirani mpaka katikati ya boneti, likasimama hapo hapo, bila kusogea hata unywele.

Nilikimbia. Vumbi la makuti lilikuwa limemfunika buibui zima. Hakuumia. Alikuwa amekaa, mikono bado iko juu ya usukani, anaitazama kama mikono ya mtu mwingine. Jirani alitoka anapiga kelele kuhusu ua wake, lakini Mwanaisha hakumsikia. Aliteremsha kioo.

"Imefika," akasema. "Baba Fatuma, huna deni langu tena. Ukibaki, sasa unabaki kwa kupenda."

Nilitaka kusema maneno mazuri. Nilikuwa nimeyaandaa tangu ujana. Badala yake nikasimama pale dirishani kama yule kijana aliyesimamisha kazi sokoni. Mwishowe nikamwambia atie gia ya nyuma na ashike usukani wima, asiupinde popote, nami nikazunguka mbele, nikaweka mabega kwenye boneti, nikasukuma.